Leseni Isiyo na Muhuri

Tulimzika Papa Roulage mwezi uliopita, pale Butembo, asubuhi yenye ukungu ambao haukuinuka hadi saa nne. Jina lake la kweli lilikuwa Kabeya, adjudant wa polisi wa barabarani, mtu wa Kasai aliyeletwa kwetu na serikali zamani sana kwa barua yenye sahihi mbili, akakaa mpaka akafa. Kwetu polisi wa barabarani huitwa roulage, na kwa kuwa hakuwa na mtoto hapa wa kumwita baba, mji ulimpa majina yote mawili pamoja. Kwenye kilio niliketi kwenye benchi lililoazimwa kanisani, nikila andazi kavu na kusikiliza watu wakibishana kama marehemu alikuwa na miaka sabini na tisa au themanini na miwili. Masika, mama niliyefanya naye kazi zamani, alikuja akaketi kando yangu. Siku hizi amenenepa na anatembea na fimbo, lakini uuguzi haujamtoka, maana kabla ya kunisalimia alinitazama vifundo vya miguu kama vimevimba. "Kambale," akasema, "kile kitabu uko nacho bado?" Nikamwambia ninacho. "Na hapana cachet?" "Hapana cachet," nikajibu, maana muhuri haukupigwa kamwe. Akacheka, kisha akaufunika mdomo kwa kitenge, kwa sababu jeneza lilikuwa hatua kumi tu mbele yetu.

Kitabu alichouliza ni leseni yangu ya kwanza ya pikipiki, permis ya rangi ya waridi, iliyokunjwa mara tatu na yenye doa la kijani kwenye pembe. Leo nina nyingine ya plastiki yenye picha na namba, na hiyo ndiyo ninayowaonyesha polisi. Ile ya zamani huwa simwonyeshi mtu. Najua wanaoandika maisha yao huanza na babu, shamba na siku ya kubatizwa. Mimi wazazi wangu nitawaacha hukohuko Masereka wakilima viazi, kwani hawahusiki na jambo hili, isipokuwa kwa kitu kimoja: walinilea juu ya chukudu. Asiyejua chukudu ni nini, ni baiskeli ya mbao isiyo na pedali wala kiti, ambayo watu wa milimani hupakia magunia ya viazi na kuteremka nayo hadi sokoni Butembo. Haina breki ya mkono. Ukitaka kusimama unarudisha mguu wa kulia nyuma na kukanyaga kipande cha mpira kilichopigiliwa juu ya gurudumu, na mpira unalia na kutoa moshi hadi usimame au usisimame. Nilikuwa nimefanya hivyo tangu nikiwa na miaka tisa.

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita vya pili vya Kongo. Serikali ilikuwa Kinshasa, waasi walikuwa kwetu, na kati yao kulikuwa na mstari ambao barua, mshahara na watu havikuvuka. Ofisi ya afya ya kanisa ilikuwa imepewa pikipiki mbili nyekundu za kupeleka chanjo katika vituo vya mbali. Moja ilikuwa ya njia ya kaskazini, Beni hadi Mbau na kuendelea, nyingine ya njia ya kusini hadi Luofu. Wafadhili waliozitoa walikuwa watu wa masharti: kila dereva awe amefuata masomo ya usalama, na awe na leseni halisi ya Jamhuri, ile ya waridi, si karatasi iliyopigwa chapa ambayo utawala wa waasi ulikuwa ukiigawa. Tulichukuliwa wawili kwa majaribio, Masika, binti aliyesomea uuguzi, na mimi. Ambaye hangekuwa na leseni kufikia sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria angerudisha koti la mvua na kwenda zake. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, diploma ya shule isiyoajiri mtu, na hamu ya ile pikipiki niliyokuwa naiota hata mchana.

Mtu wa kutoa leseni ya waridi alikuwa mmoja tu, na tulikuwa tukiishi uwanja mmoja. Tulikuwa wapangaji wa Mama Kahambu, mjane mwenye nyumba ya mbao ya vyumba vinne, na chumba changu na cha Papa Roulage vilitenganishwa na ubao ambao ulipitisha kila kitu. Nilijua saa anayoamka, sala anayosali, na jinsi anavyojikwaruza mgongo kwa rula. Kila asubuhi alitia makaa kwenye pasi na kuipiga suruali yake ya sare, ambayo ilikuwa moja, mpaka mkunjo wa mbele ukasimama wenyewe. Juu ya kabati lake kulikuwa na mkebe wa biskuti. Ndani yake aliweka muhuri wa serikali uliofungwa katika leso, kidau cha wino, na vitabu vitatu vya waridi ambavyo havijaandikwa kitu. Vilikuwa vya mwisho. Vingine vingekuja tu nchi ikiungana, na hakuna aliyejua kama itaungana. Angeweza kuviuza vyote siku moja akanunua shamba. Badala yake alivigawa kwa mtihani, na mtihani wake ulikuwa mgumu kuliko wakati wa amani.

Chakula tulikula kwa Mama Kahambu, jikoni, kwenye meza iliyokuwa mlango zamani na bado ilikuwa na tundu la kitasa. Kulikuwa na bukari, ugali wetu wa muhogo, na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, maharage mara nyingi, na Jumapili kipande cha makayabu, samaki mkavu wa chumvi, kilichopikwa kwa nyanya hadi chumvi yake ikalegea. Papa Roulage alikula bukari kwa uma, jambo lililomkera mama mwenye nyumba kuliko vita. Ijumaa alikwenda parokiani kwenye phonie, ile redio ya kuongea na watu wa mbali, kuuliza habari za mke wake na watoto waliobaki Mbuji-Mayi ng'ambo ya mstari. Akirudi alikuwa akiyarudia maneno aliyoyasikia, peke yake chumbani, kwa sauti ya redio: "Batoto bote muzima. Ule mukubwa anafunga mukanda ya baba. Terminé." Siku moja nilimsikia jikoni akimwambia Mama Kahambu, "Mama, Kinshasa hapana ananilipa. Ba-rebelle nabo hapana ananilipa. Donc mimi niko mutu ya nani?" Mama akageuza bukari sufuriani bila kumtazama. "Uko mutu ya bukari yangu," akasema. "Kula, inapoa."

Masomo ya Papa Roulage yalifanyika uwanja wa nyuma ya parokia, kwa matofali, mbao mbili nyembamba na dumu la plastiki la lita tano, ambalo kwetu huitwa bidon. Majuma mawili ya kwanza hatukuwasha injini. Tulisukuma pikipiki, tukaiangusha, tukaiinua, tukajifunza kuanguka bila kunyoosha mkono. Baadaye tulipita juu ya ubao kwa mwendo wa mtu anayechunga mbuzi, tukazunguka matofali kwa umbo la nane, na kusimama mbele ya kamba aliyoifunga kati ya miti miwili, aliyoiita barrière, kama kizuizi cha askari barabarani. Huko ndiko alikopaza sauti. "Mbele ya barrière, punguza mapema! Moteur isikike! Mguu ya kushoto chini, mikono yote babone! Ule askari hapana lala, hapana kula, iko na bunduki. Usimushitue." Jambo alilolichukia zaidi lilikuwa desturi yetu sote ya kuzima injini kwenye mteremko ili kuokoa mafuta, yaliyokuwa yakiuzwa kwa chupa za bia. "Moteur ni frein," alisema kila siku, yaani injini ni breki. "Piki yenye iko kimya kwa mutelemuko, ile ni chukudu ya chuma." Sisi tulitikisa vichwa. Jioni tulirudi nyumbani tukiwa tumezima injini.

Sehemu ya mwisho ya mtihani ilikuwa ile bidon. Ulikuja kwa gia ya tatu, yeye amesimama pembeni na bidon mkononi, na wakati wowote aliweza kuitupa mbele yako. Ulitakiwa kusimama wima kabla ya kuigusa. Masika alisimama mara ya kwanza na mara zote. Alikulia Beni, kwenye ardhi tambarare, na maishani mwake alikuwa hajapanda chukudu. Mimi, nilipoiona ile plastiki ikiruka, mguu wangu wa kulia uliacha breki iliyokuwa mbele yake, ukarudi nyuma na kutafuta kipande cha mpira juu ya gurudumu. Haukukuta kitu. Nilipita juu ya bidon na kwenda kusimama kwenye majani, kisigino kikiwa hewani. Papa Roulage alikuja akakitazama kile kisigino. "Monsieur Kambale," akasema, "kule nyuma unatafuta nini?" Masika akamjibu kwa niaba yangu, "Anatafuta viazi, Papa." Hata padri aliyekuwa akipita alicheka.

Masika alipata kitabu cha kwanza, na kabla ya mwezi kuisha alikuwa ameshahamia Mbau na pikipiki yake. Cha pili kilichukuliwa na fundi mmoja wa magari aliyefaulu vizuri. Mimi nilishindwa mara ya kwanza, nikashindwa ya pili. Si kwamba sikuelewa. Nilielewa kiasi cha kuweza kuwafundisha wengine, ila mguu ulikuwa na elimu yake, uliyoipata Masereka kabla yangu. Nilijaribu kuufunga kwenye kikanyagio kwa ukanda wa mpira, na Papa Roulage akauona akaukata kwa kisu cha jikoni. "Siku piki itaanguka, hii kamba itakufungia chini yake," akasema. Nilimwomba anipe tu kile kitabu, mguu utajirekebisha wenyewe barabarani. Akasema barabara si shule. Nilimchukia siku ile, nasema wazi. Kulikuwa na majuma mawili kabla ya sikukuu, na kitabu kimoja mkebeni.

Komanda wa waasi alikuja saa ya chakula cha mchana, siku ya Jumamosi, na askari watatu. Alikuwa kijana mwenye miwani myeusi na adabu ya mtu asiyewahi kukataliwa kitu. Alikaa kwenye kiti cha Mama Kahambu bila kuulizwa, akaongea Lingala, lugha ya jeshi: "Vieux, nayoki permis etikali moko. Pesa." Amesikia imebaki leseni moja, apewe. Alikuwa na dereva wake ambaye angevuka mpaka kwenda kuleta gari, na huko ng'ambo karatasi za waasi hazikukubaliwa. Papa Roulage aliweka uma. Akapangusa mikono, akaingia chumbani, akarudi na mkebe, akaufungua mezani kati ya sahani. Nilidhani amekubali, na mimi ningekubali. Alifungua kitabu, akatoa kalamu mfukoni, na kwa ule mwandiko wake wa shule za masista akaandika jina langu lote, herufi kwa herufi, bila haraka, hadi wino ukakauka. "Mon commandant," akasema, "hii iko na mwenyewe."

Hakuna aliyepiga kelele. Komanda alivua miwani, akasoma jina, akanitazama, na kitabu akakitupa kwenye sahani ya sombe, kwa kuwa kitabu chenye jina la mtu hakikuwa na kazi kwake tena. Kisha akauchukua muhuri na leso yake. "Sikoyo okobeta cachet na mino," akasema. Sasa utapiga muhuri kwa meno. Askari wake walicheka kidogo, wakamchukua Papa Roulage na kwenda kumfungia siku tano ndani ya kontena la chuma karibu na kambi yao. Aliondoka uwanjani akitembea katikati yao, suruali bado ina mkunjo. Mama Kahambu alikitoa kitabu kwenye sombe, akakipangusa kwa kitenge chake, akakiweka mbele yangu. Kisha akaendelea kuosha sahani.

Kile nilichofanya Jumatatu nimekifikiria miaka mingi, na bado sipati maelezo bora kuliko haya: nilikuwa na kitabu chenye jina langu. Nilibandika picha. Sista katibu wa ofisi ya afya alikifungua, akanakili namba, akasema "Bien," akanipa ufunguo. Mraba wa muhuri ulikuwa mweupe kama yai na hakuuona. Nilikuwa na furaha. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mtu alikuwa ndani ya kontena kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa nikiipangusa pikipiki nyekundu kwa shati langu la zamani. Alhamisi walimwachia kwa sharti aondoke Butembo siku hiyohiyo. Alikuja kuchukua pasi na mkebe wake, akanikuta uwanjani na ndoo ya maji. Alikuwa amekonda shingo. "Jina niliandika juu ule mutu asikamate kitabu," akasema. "Hapana juu weye upande piki. Mutihani haijaisha, Monsieur Kambale." Nikajibu, "Ndiyo, Papa." Akapanda lori la mbao kwenda Beni. Kesho yake asubuhi nikafunga sanduku la chanjo nyuma ya kiti nikaelekea kusini.

Nililala Lubero, na siku ya pili nikawa karibu na Luofu kabla ya saa sita. Kulikuwa na mteremko mrefu, mafuta yalikuwa yamepungua, na nilikuwa nimechelewa kidogo. Nilizima injini. Pikipiki iliteremka kimya, upepo tu masikioni, na nakumbuka niliona raha. Baada ya kona kulikuwa na mwanzi umelazwa barabarani na askari wawili wamechutama juu ya sufuria, migongo kwangu. Hawakunisikia. Mmoja aligeuka nikiwa tayari juu yao, akaruka, akainua bunduki, akapiga kelele "Telema!", simama kwa Lingala. Mguu wangu wa kulia ukarudi nyuma kutafuta kipande cha mpira. Nilipofungua macho nilikuwa chini ya pikipiki, sanduku limekatika mkanda na kugonga jiwe, na vichupa vya chanjo ya surua vilikuwa vipande vinavyong'aa matopeni. Askari hakunipiga. "Juu ya nini unakuja kimya sawa mwizi? Nilikuwa nakuua, wee mutu!" akasema, akanisaidia kuinua pikipiki. Mwenzake aliokota pakiti ya barafu, akaiweka shavuni, akafumba macho. Niliwaachia pakiti zote.

Luofu kina mama walikuwa wamengoja tangu alfajiri. Walikuwa wamejaa baraza la kituo cha afya na chini ya paa la nje, watoto mgongoni, wengine wametoka vijiji vya saa nne za mguu. Muuguzi wa kituo, mzee mpole mwenye koti jeupe lililoshonwa viwiko, aliangalia sanduku lililopasuka kisha akaniangalia mimi. Na mimi nikasema ni askari. Nikasema walinisimamisha barrière, wakaninyang'anya sanduku, wakalipiga chini. Hakuna aliyeuliza swali la pili, kwa sababu askari walikuwa wamefanya mabaya kuliko hayo na kila mtu pale alikuwa na mfano wake. Kina mama walinihurumia. Walinikalisha, wakaniosha goti, na bibi mmoja mwenye mtoto mgongoni akachinja kuku. "Kula, mwana wetu," akaniambia. "Bangekuua. Mungu alikulinda. Wasingya juu ulifika." Wasingya kwa Kinande ni asante. Nilikula. Waliketi wakinitazama nikila, watoto wakikohoa migongoni, wakiwalaani wale askari wawili kwa ajili yangu. Sijawahi kula chakula kigumu kumeza kama yule kuku, na alikuwa laini.

Juma lililofuata mapigano yalifunga barabara, ikafungwa miezi mitatu. Surua ilifika Luofu kabla yangu. Muuguzi alituma habari kwa phonie, na sista katibu aliniita nisikilize. Ilikuwa idadi tu ya watoto waliokufa, hakukuwa na majina, na sikuomba majina. Sista akasema, "Ba-soldats," akiwalaumu askari. Nikainamisha kichwa na yeye akadhani ni huzuni. Ilikuwa aibu, na aibu hiyo haikuniacha nilale wala nile. Siku ya tatu nilimwambia sista naomba likizo ya juma moja na ruhusa ya kwenda Beni na pikipiki. Nilimwachia kitabu mezani, kimefunguliwa kwenye ule mraba mtupu, nikamwambia sababu. Alikifunga, akanisogezea. "Chukua," akasema. "Ukirudi bila kufaulu, utaweka ufunguo hapa." Nilisafiri injini ikinguruma kila mteremko, na watu wa njiani walinishangaa kwa kupoteza mafuta.

Masika ndiye aliyenionyesha alipokaa mwalimu wetu. Papa Roulage alikuwa amepanga chumba nyuma ya gereji moja ya Beni, anatengeneza breki za baiskeli, na suruali ya sare imetundikwa ukutani chini ya gazeti ili isipate vumbi. Alikuwa akinywa chai. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kontena lake, sista, mteremko, mwanzi, kuku. Alipomaliza chai aliuliza, "Moteur ilikuwa inazimwa?" "Ndiyo, Papa." "Na mguu?" "Nyuma." Alifunika kikombe kwa kisahani. "Kesho saa moja," akasema, "njia ya Mbau."

Siku tano tulifanya kazi kwenye kipande kilichonyooka cha njia ile, kati ya mashamba ya muhogo na wauza ndizi, ambao walileta vigoda wakakaa kutazama. Hakunifundisha kitu kipya. Alinifanya nisimame kwa mguu wa kulia mara mia, kisha mara mia nyingine, injini ikiwaka, nikitaja kwa sauti kila kitu mguu unachokanyaga, kama mtoto anayejifunza katekisimu. Jioni mguu ulivimba na Masika akaukanda kwa maji ya chumvi, akinitania kwamba sasa viazi vimeiva. Siku ya sita Papa Roulage alikuja amevaa suruali ya sare. Alisimama pembeni ya njia na bidon mkononi, akanituma hadi mwembe wa tatu, akaniagiza nije kwa gia ya tatu. Nilikuja. Nilikuwa naitazama bidon, nikiingoja iruke. Aliiweka chini. Halafu akaingia mwenyewe katikati ya barabara, mikono mifukoni, akasimama.

Wauza ndizi walipiga kelele. Mimi sikufikiri kitu. Najua tu kwamba mguu wa kulia ulikanyaga mbele, mahali pake, mkono ukabana, gurudumu likaburuta na kusimama, mguu wa kushoto ukashuka. Tairi lilikuwa limemgusa chini kidogo ya goti. Masika alikuja mbio. "Papa, uko na kichwa muzuri kweli? Angekuponda!" Yeye alikuwa anaitazama suruali yake. Ule mkunjo aliokuwa ameupiga pasi kila asubuhi, hata mwaka ambao hakuna serikali iliyomlipa, ulikuwa na alama ya tope yenye meno ya tairi. "Kwa bidon, mguu inaweza kukosea," akasema. "Bidon haina mama." Nilitoa leso nimpanguse, nikipiga magoti hapo barabarani, na machozi yalikuwa yananitoka. Akaurudisha mkono wangu. "Acha. Cachet balibeba. Cachet njo hii," akasema, akiionyesha ile alama ya tairi. Alirudi hadi Beni mjini akitembea kwa mguu na alama yake, akiwasalimu watu, na hakuifua hadi Jumapili.

Barabara ya kusini ilipofunguliwa nilikwenda Luofu na sanduku jipya. Nilimwambia muuguzi ukweli kabla ya kushuka, injini ikiwa bado inawaka, nikihofia kwamba nikiizima sitasema. Kisha akanitaka niurudie kwa kina mama, nikaurudia. Yule bibi wa kuku alikuwepo. Hakuwa na mtoto mgongoni. Muuguzi akauliza, "Leo uko na sindano?" Nikasema ninazo. "Donc tuanze," akasema. Niliifanya njia ile miaka kumi na minne. Kwenye vizuizi askari waliishika leseni yangu juu chini, chini juu, wakanirudishia, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza muhuri uko wapi.

Nchi ilipoungana, Papa Roulage alikwenda Mbuji-Mayi, akakuta mke wake amezikwa na watoto wamekuwa wakubwa wenye mambo yao. Alikaa miezi miwili, akarudi Butembo, kwa bukari wa Mama Kahambu. Nilimuuliza mara moja kama angependa kukipiga kitabu changu muhuri, kwa kuwa ofisi sasa ilikuwa na mpya. Alinitazama kama nimemtukana. Alisema ofisi haikuwepo njia ya Mbau.

Siku ya maziko walikuja waendesha pikipiki wa mji, zaidi ya mia, maana wengi wao aliwafundisha yeye. Nilipewa nafasi ya mbele kabisa, Masika nyuma yangu amekaa upande kwa ajili ya nyonga yake, fimbo mapajani. Makaburi yako chini ya mteremko mrefu. Tulipofika juu, nyuma yangu injini zikaanza kuzimwa, moja baada ya nyingine, labda kwa heshima, labda kwa mafuta, na msafara ukateremka kimya hadi nikasikia magurudumu yakipita kwenye changarawe. Yangu ilibaki ikinguruma peke yake. Watu wa kando ya njia walinigeukia kwa hasira, na mmoja akanipungia mkono nizime. Masika aliinamia sikio langu. "Acha basikie," akasema. Nilishuka polepole kwa gia ya pili, gari lenye jeneza likinifuata, na mguu wa kulia ulikaa mahali pake mpaka chini.